Barua ya wazi: Stetimenti ya kudai makato isiuzwe na benki iliyokata

Kwa: Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania
Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania
Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mkurugenzi, Benki Kuu ya Tanzania, Tawi la Arusha

YAH: KUDAI MAKATO YA BENKI KATIKA MAHAKAMA YA MWANZO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Chukulieni mama mwenye genge pale soko la Kilombero, Arusha. Kwa miaka miwili benki imemkata shilingi 4,000 kila mwezi kwa huduma ambayo hakuiomba na haimo kwenye mkataba wake. Jumla 96,000. Sheria ya kumrudishia ipo. Mahakama ipo, na inasikiliza kwa Kiswahili. Kinachomkwamisha ni karatasi. Ushahidi wote umekaa kwenye kompyuta ya benki ile ile anayoidai, nao unauzwa kwa ukurasa. Ikiwa ukurasa wa stetimenti ni shilingi 1,000 na miezi 24 imejaza kurasa 40, mama ametoa 40,000 kabla hajaandika hata jina lake kwenye hati ya madai. Weka ada ya kufungua shauri, weka nauli, weka siku nne za kufunga genge. (Tarakimu hizi ni za mfano, ada ya ukurasa hutofautiana benki na benki.) Hesabu hiyo anaifanya kichwani huku akipanga nyanya mafungu, kisha anaachana nayo. Benki imeshaifanya kabla yake.

Ombi letu kubwa ni moja: mteja aliyeandikisha malalamiko kuhusu makato apewe stetimenti ya kipindi anacholalamikia bila malipo, imegongwa muhuri kila ukurasa, ndani ya siku saba. Maombi mengine ni madogo, na yatajitokeza yenyewe njiani, maana tumeona ni afadhali tueleze dai linavyotengenezwa tangu mwanzo mpaka kukazia hukumu, yaani kuifanya itekelezwe, ili mahali linapokwama paonekane. Mwananchi atakayeisoma barua hii naye aifuate akipenda.

Tuseme wazi kwanza kwamba si kila kato linalouma linadaiwa. Ada iliyomo kwenye jedwali la ada, ambalo mteja alilikubali aliposaini fomu ya kufungua akaunti, ni bei. Ikiwa ghali, ahame benki. Uingereza watu walidai tozo za kuvuka salio, suala likapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 25 Novemba 2009 mahakama hiyo ikaamua kwamba ofisi ya serikali iliyokuwa ikisimamia biashara ya haki haikuwa na uwezo wa kupima kama kiasi cha tozo zile ni cha haki, kwa kuwa tozo zenyewe zilikuwa sehemu ya bei ya huduma. Barua za mfano za enzi hizo bado zinazunguka mtandaoni, zikitaja kanuni za Uingereza za mwaka 1999. Anayezinakili na kuzipeleka Mahakama ya Mwanzo ya Moshi Mjini anampa mwakilishi wa benki ushindi wa bure.

Linalodaiwa ni kato lisilokuwemo kwenye jedwali, au lililomo ila limekatwa kwa kiwango kikubwa kuliko kilichoandikwa. Linadaiwa kato lililofanyika mara mbili, au kwa huduma ambayo haikutolewa, kama ile ATM inayohesabu noti ndani kwa ndani, haitoi kitu, na salio linapungua. Yanadaiwa makato ya mkopo yaliyoendelea baada ya mkopo kuisha. Haya ya mwisho ndiyo yenye fedha za maana, na walio karibu nayo zaidi ni watumishi wa umma, kwa sababu rejesho lao hukatwa kwenye mshahara kabla haujawafikia. Mwalimu wa Hai anayerejesha 185,000 kwa mwezi, makato yakipitiliza miezi mitatu, ana 555,000 za kudai.

Hapo kuna mtego mmoja ambao ni wa mteja mwenyewe. Mara nyingi mkopo unaodhaniwa umeisha uliongezwa katikati, yaani watu wanasema alitopapu, na mkataba wa pili ukafuta ule wa kwanza na kuanza kuhesabu miezi upya. Kwa hiyo kabla ya kulaumu, aombe taarifa ya mkopo. Hii si stetimenti ya akaunti ya mshahara. Ni karatasi nyingine inayoonyesha deni lilipoanzia, kila rejesho, riba, na salio la deni. Ailinganishe na salari slipu mwezi kwa mwezi. Salio la deni likisoma sifuri mwezi Machi na slipu ya Aprili bado ina kato, dai limesimama. Na siku mkopo unapoisha achukue barua ya kumaliza mkopo siku hiyo hiyo, asingoje kuihitaji.

Sheria yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyoiogopa. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamtaka aliyelipwa fedha kwa makosa au kwa shuruti azirudishe. Kifungu cha 73 kinahusu fidia kwa aliyevunjiwa mkataba. Kifungu cha 74 ni cha adhabu: hata kama mkataba umetaja kiasi cha faini, mahakama hutoa fidia inayolingana na hali, isiyozidi kiasi hicho. Faini ya kuchelewesha rejesho kwa siku mbili ikiwa sawa na nusu ya rejesho zima, hicho ndicho kifungu chake. Tunasema kwa tahadhari, hata hivyo: dai la adhabu ni gumu kuliko la kosa la hesabu, kwa sababu linamtaka hakimu apime, wakati kato la mara mbili linamtaka ajumlishe tu. Mwenye yote mawili atangulize la hesabu. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kila kato lina tarehe yake, kwa hiyo anayechelewa hupoteza yale ya zamani kwanza, moja moja, kama maji yanayovuja.

Kodi huvuruga hesabu nyingi. Ada za huduma za benki zinatozwa VAT tangu Julai 2016. Kato la kimakosa la 10,000 likiambatana na VAT ya asilimia 18, kinachodaiwa ni 11,800, na mteja anayesahau ile 1,800 amejipunja. Ila majedwali mengine huandika ada ikiwa na kodi ndani yake tayari. Ukiongeza tena asilimia 18 umedai fedha ambazo hukukatwa, na kosa dogo kama hilo huwafanya watu watilie shaka dai zima. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya akiba ni ya Serikali. Tozo ya miamala, ile iliyoanza Julai 2021 kwenye simu, ikaingia benki mwaka 2022 kisha ikafutwa kwa sehemu kubwa Oktoba mwaka huo huo, nayo ni ya Serikali. Hizo zisiingizwe kwenye dai dhidi ya benki. Kwenye stetimenti zote hupangwa safu moja, kwa vifupisho ambavyo hata karani wa dirishani huvitafsiri kwa kubahatisha. Gavana, hapa pana ombi la pili: kila kato kwenye stetimenti liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na kodi itenganishwe na ada ya benki.

Sasa karatasi. Stetimenti inayofaa mahakamani ni ya kipindi kizima bila kuruka mwezi, yenye salio la kuanzia na la kumalizia, muhuri na saini ya ofisa kila ukurasa. Watu huchapisha ile ya kwenye simu, wakakata vipande vyenye makato tu na kuvibandika kwenye karatasi nyeupe. Mwakilishi wa benki husimama na kuuliza swali moja: "Ukurasa wa tatu uko wapi?" Basi. Ujumbe mfupi wa simu unasaidia kuonyesha tarehe na saa, lakini usibebe dai peke yake. Simu ikiibiwa stendi, dai limekwenda nayo. Pamoja na stetimenti liwepo jedwali la ada la mwaka husika. Benki hubadilisha jedwali, na la zamani huondoka ukutani siku jipya linapobandikwa. Aliyekatwa mwaka 2022 akileta jedwali la 2024 amelinganisha viatu vya watu wawili. Njia rahisi ni kupiga picha jedwali la ukutani kila linapobadilika, au kuliomba tawini kwa barua. Tungependa Benki Kuu iwe na hifadhi ya majedwali ya benki zote, ya kila mwaka, wazi kwa yeyote. Kazi yenyewe ni ya mtu mmoja na kabati moja.

Kisha mteja achore ukurasa wake mmoja wenye safu tano: tarehe, maneno ya kwenye stetimenti, kiasi kilichokatwa, kiasi kilichopaswa kukatwa, tofauti. Mstari mmoja kwa kato moja. Chini, jumla. Ukurasa huu ndio roho ya shauri. Dai linaloandika "kama laki moja hivi" halina mahali pa kushika. Linaloandika 96,000, na mistari 24 inayoleta 96,000, benki italazimika kulijibu mstari kwa mstari.

Mahakama haiwi mlango wa kwanza. Malalamiko huanzia tawini, kwa barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi na mteja. Kupiga simu huduma kwa wateja si vibaya, mradi apewe namba ya malalamiko na aiandike pamoja na tarehe. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na asiporidhisha, mteja aende Benki Kuu yenyewe: kwa watu wa kanda hii, ofisi za Tawi la Arusha, au kupitia mfumo wa Sema na BoT. Njia hii haihitaji ada ya mahakama na kwa kosa la wazi la hesabu mara nyingi inatosha.

Inapokwama ni kwenye jibu. Benki inajibu kwa mdomo. "Tumelipokea, linafanyiwa kazi makao makuu." Wiki inapita, mwezi unapita, mteja hana karatasi ya kukataliwa, na bila karatasi ya kukataliwa hajui kama mlango umefungwa au umeegeshwa. Ombi la tatu basi: jibu la mwisho la benki liwe barua yenye nembo, tarehe, kiasi kinachokubaliwa, kiasi kinachokataliwa na sababu. Mteja asiyepata barua hiyo tunamshauri aandike barua ya madai ya siku 14, ataje jumla, aambatishe ule ukurasa wa safu tano, na aseme siku hizo zikipita atafungua shauri. Tarehe hiyo huwa na nguvu kuliko maneno makali.

Tanzania haina mahakama ya madai madogo kwa jina hilo. Iliyo karibu nayo ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inaweza kusikiliza deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Ni nafasi kubwa; makato tunayoyazungumza hapa hayagusi hata robo yake. Shauri lifunguliwe pale tawi lilipo au tukio lilipotokea. Mwenye akaunti katika tawi la Barabara ya Sokoine asifungue Karatu kwa sababu ndiko anakolala.

Makosa mawili huua dai siku ya kwanza. La kwanza ni jina. Tawi si mtu kisheria, wala meneja wa tawi si benki. Anayeshtaki "Meneja, Tawi la Mnara wa Saa" amemshtaki mwajiriwa ambaye hana deni naye, na pengine ameshahamishiwa Singida. Mdaiwa ni kampuni, kwa jina kamili kama lilivyo kwenye mkataba, hadi lile neno la mwisho la PLC au Limited. Upande wa mdai vivyo hivyo: akaunti ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inadai kwa jina lake la usajili, na kikoba kisichosajiliwa hakina miguu ya kusimama mahakamani, kwa hiyo wafungue wale ambao majina yao yako kwenye akaunti, wote.

La pili ni tamaa ya fidia. Mtu amekatwa 96,000, anaandika anadai 96,000 na milioni 10 za usumbufu na kudhalilishwa. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia deni la mkataba. Ukiligeuza shauri kuwa la madhara, yaani la fidia ya kuumizwa badala ya deni, umeipa benki pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka, na mara nyingi pingamizi hilo lina mantiki. Liandikwe deni, lidaiwe deni, na gharama za shauri. Risiti za nauli, nakala na stetimenti zitunzwe kwa ajili ya hizo gharama.

Madai yanaweza kuandikwa au kuelezwa kwa mdomo yakaandikwa hapo hapo. Karani hutoa kontroo namba, mdai analipa, samansi inatoka. Samansi hufika tawini, tawi linaituma Dar es Salaam, na tarehe ya kwanza huja mtu wa kuomba ahirisho kwa kuwa maelekezo hayajafika. Hilo la mara ya kwanza linavumilika. Sheria inairuhusu kampuni kuwakilishwa na mwajiriwa wake aliyeidhinishwa, na tangu mabadiliko ya mwaka 2021 mawakili wanaruhusiwa pale Mahakama ya Mwanzo inapoongozwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo mama wa genge anaweza kujikuta amesimama peke yake mbele ya wakili. Asitishike na hilo, ila aje na nakala tatu za kila karatasi: ya mahakama, ya benki, ya mkononi. Kanuni za ushahidi za Mahakama za Mwanzo hazimtaki athibitishe pasipo shaka. Upande wenye ushahidi mzito zaidi ndio unaoshinda. Asome ukurasa wake mstari kwa mstari, kisha aiombe benki ionyeshe ni wapi kwenye jedwali au mkataba kila kato liliporuhusiwa. Mzigo wa kuonyesha hapo unahama.

Benki nyingine huja na hundi nje ya ukumbi siku ya pili au ya tatu. Kupatana ni halali. Kosa ni kupokea fedha na kusaini karatasi inayofuta "madai yote ya sasa na ya baadaye" wakati kato lenyewe bado linaendelea kila tarehe 30. Makubaliano yarekodiwe mbele ya hakimu, yakitaja kiasi, tarehe ya kulipa, na kwamba kato limesimamishwa.

Hukumu ikitoka, asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Zikipita kimya na fedha haijaingia, mdai hurudi mahakama ile ile kuomba kukazia hukumu. Watu wengi huishia kwenye hukumu wakidhani fedha itakuja yenyewe.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, kanuni zinazoongoza mwenendo wa madai katika Mahakama za Mwanzo ni za mwaka 1964. Ni kanuni nyepesi na tunazipenda kwa wepesi wake, lakini zilitungwa kabla ya ATM na hazimwambii mtu shauri la makato litachukua siku ngapi. Ng'ambo ya Namanga, mwendo usiofika kilomita 120 kutoka Mnara wa Saa, Kenya ina mahakama ya madai madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Hatuombi jengo jipya. Arusha ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki tayari. Tunaomba fomu moja ya madai ya makato yenye zile safu tano, ukomo wa siku 60, na ahirisho moja tu kwa benki ambayo maelekezo yake hayajafika kutoka makao makuu.

Gavana, yako umeshayasikia. Ukianza na lile la stetimenti, mengine yatavumilika kusubiri. Waraka wa ukurasa mmoja kwa benki zote unatosha, na nakala yake ibandikwe kila tawi pale pale linapobandikwa jedwali la ada, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wasaidizi wa kisheria na wahasibu wachache wa Arusha na Moshi